Asilimia Themanini

Eveliina,
nyoka wako alijivua ngozi vipande vipande
wiki ile ya Januari, baridi ilipoteremka thelathini chini ya sifuri
na kuta zikawa zinalia usiku kama mtu anayepasua kuni.
Kipande shingoni, kipande mkiani,
na kwenye jicho la kushoto utando umeng'ang'ania;
akanitazama kama ajuza mwenye mtoto wa jicho.
Ukaniambia kwenye simu: usimbandue, baba,
hana kosa yeye. Hewa ndiyo yenye kosa.

Hewa!
Miaka thelathini na moja kinuni
kazi yangu ilikuwa moja, kufukuza maji.
Karatasi iliingia kwenye mitungi ya moto ikiwa uji,
ikatoka kavu, yenye sauti.
Niliujua unyevu kwa mgongo wa kidole,
niliuwinda kama panya ghalani.
Na leo, mstaafu, magoti mabovu,
nauomba urudi. Naupigia magoti hayo hayo.

Lile tangi lako la kioo nimeliweka kando.
Paa lake la wavu lilikunywa mvuke
kama mlevi siku ya mshahara.
Nimeunda jipya, bodi za plastiki, mlango wa kioo,
viungo nimeviziba kwa silikoni
nikangoja siku saba, harufu ya siki ikaisha kabisa,
kila asubuhi naingiza kichwa humo kunusa,
mwanamume wa miaka sitini na sita.

Hilkka wa mlango wa pili, alipokuja kuazima koleo la theluji,
akasema: Raimo, sauna unayo, mpeleke huko.
Nikamwambia sauna humpika.
Akasema, na sisi je?

Taa ya joto nimeivalisha ngome ya waya.
Nyoka hujiviringa penye moto akaungua polepole
asijue kwamba ndiyo kuungua huko.
Kuna thamostati, na kihisio chake nimekifunga imara,
maana kikianguka kwenye maji ya baridi
kitaidanganya taa, nayo itawaka mpaka maafa.
Tundu za hewa mbili, moja chini upande huu,
moja juu upande ule. Nilizibadilisha mara tatu.

Wiki ya kwanza nilizidisha.
Nikamwagia maji kama mtu anayelipa deni.
Kioo kikatiririka, kuvu jeupe likaota pembeni,
naye akaanza kupumua kwa mlio mdogo,
tik, tik, kama saa iliyo chumba kingine.
Sikulala.
Nikatupa yote, nikaanza upya:
makumbi ya nazi yaliyosagwa, yakaminywe kwa kiganja
yashikane bila kudondosha hata tone;
juu pakauke kidogo, chini patunze.
Unyevu si umajimaji. Hilo kinuni hawakunifundisha.

Bakuli ni lile zito la mama yako, la kukandia unga.
Najua. Ningekuuliza kwanza.
Lakini halipinduki, na lilikuwa kabatini miaka minne
kavu, limepinduliwa chini, kama kila kitu humu ndani.

Jana usiku Puolukka alitambaa chini ya taa
na magamba yake yakatoa zile rangi,
za dizeli juu ya dimbwi la uani,
buluu, kisha kijani, kisha sina jina lake.
Asubuhi nikaikuta ngozi kwenye kisanduku cha kuvumwani,
nzima, imegeuzwa nje ndani kama soksi,
na vikombe vya macho vyote viwili, nimevihesabu kwa miwani.
Ni nyepesi kuliko karatasi yoyote niliyowahi kuikausha.

Nimeitandaza mezani. Urefu wake mita moja na sentimita arobaini.
Sijui kama posta wanapokea.

Kipimo kinasoma sabini na tisa.
Nimefunga kufuli, nikalivuta,
nikarudi kulivuta tena.